SOMO: GURUDUMU LA KINGA, TUCHAGUE NAMNA GANI?



Wengi wetu tunakuja masomoni kwa kinga. Kinga ileile siku ya Posho inapeleka muhogo kwenye kinu, inaleta makaa, na mara nyingine inabeba mgonjwa. Njia zetu za Bambu tunazijua: kupanda, kushuka, mawe, na matope wakati wa mvua.

Sisi tulinunua gurudumu la nyuma lenye kung'aa sana, bei rahisi. Miezi mitatu haikwisha, rayo tano zikakatika kwenye mteremko, mfuko wa unga ukaanguka ndani ya maji. Feza ile ilikuwa ya minervali. Kwa hiyo tulikaa chini, tukajifunza. Haya ndiyo tuliyopata.

1. KIPIMO. Usiseme tu «ishirini na sita». Soma namba kwenye ubavu wa tairi. Kinga kubwa ya zamani, 28 x 1 1/2, ina milimita 635. Kinga ya mlima ya 26 ina 559, lakini 26 x 1 3/8 ina 590. Hizi mbili zote zinaitwa 26, na tairi ya moja haivai kwa nyingine hata kidogo.

2. JANTI. Chukua sumaku. Ikishika, janti ni ya chuma. Isiposhika, ni ya alumini. Chuma kikipindika, fundi anakinyoosha, lakini kinaingia kutu, na freni inateleza sana kwenye mvua. Alumini ni nyepesi na freni inashika vizuri zaidi, lakini matope na freni vinakula ukuta wake. Pitisha kidole: ukuta ukiwa umebonyea ndani, janti hiyo imekwisha, usiinunue. Chungulia pia katika tundu la valvu: ukiona tabaka mbili, hiyo ni nguvu zaidi. Na wewe mwenye freni za fimbo, angalia! Freni zako zinashika janti upande wa ndani, basi tafuta janti ya namna ileile.

3. RAYO. Zamani kinga za Waingereza zilikuwa na rayo 32 mbele na 40 nyuma. Siku hizi 36 na 36 ni kawaida. Kwa mizigo usishuke chini ya 36 nyuma, maana nyuma ndiko kunabeba uzito mwingi. Rayo ya unene wa milimita 2 inatosha wengi. Mwenye mizigo mizito atafute ya 2.3.

Lakini sikieni vizuri. Mara nyingi rayo haikatiki kwa uzito wa siku moja. Kila gurudumu linapozunguka, rayo ya chini inalegea kidogo, kisha inakaza tena. Ikiwa ililegea tangu mwanzo, inachezacheza mpaka chuma kinachoka pale inapopinda, karibu na kitovu. Ni kama waya unaoukunja na kuukunjua mpaka unakatika. Basi minya rayo mbilimbili kwa mkono, uzipige kwa ukucha. Za upande mmoja zitoe sauti karibu moja. Fundi azikaze sawasawa kabla ya safari ya kwanza, na tena baada ya wiki moja au mbili.

Hapo ndipo tulikosea. Tulimlaumu mwuzaji, kumbe sisi wenyewe hatukukaza kitu.

4. KITOVU. Zungusha chuma cha katikati kwa vidole. Kikikwaruza kama mchanga, au kikicheza huku na huku, bado. Fungua, safisha, tia grisi mpya. Mara nyingi vigololi vya nyuma ni vya inchi 1/4, vya mbele 3/16, usivichanganye.

Kitovu chako cha zamani kikiwa kizima, usikitupe. Hesabu matundu yake, nunua janti ya hesabu ileile na rayo mpya, fundi akusukie. Hilo linaweza kudumu kuliko gurudumu zima la bei rahisi.

Katika Luka 14 Bwana Yesu alisema juu ya mtu mwenye kutaka kujenga mnara, kwamba kwanza aketi na kuhesabu gharama. Kwa gurudumu pia iko vile vile. Bei rahisi mara mbili ni bei kali.

MASWALI
a) Kwa nini rayo iliyolegea inakatika mbele ya ile iliyokazwa?
b) Pima kinga ya kwenu: namba ya tairi ni ngapi? Rayo ni ngapi nyuma?