Reli Moja, Injini Mbili: Jinsi ya Kufunga Dekoda katika Garimoshi la Mfano

Katika stesheni ya Isaka, mkoani Shinyanga, mizigo ya Rwanda na Burundi hushushwa kutoka kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye malori. Njia ya reli yenye upana wa mita moja ipitayo hapo ilifika Mwanza mwaka 1928. Injini mbili za dizeli zaweza kuwa juu ya njia hiyo kwa wakati mmoja, moja ikipanga mabehewa na nyingine ikingoja safari, kwa kuwa kila moja ina dereva wake.

Injini za mfano zenye mota za umeme hazina bahati hiyo. Mbili zikiwekwa juu ya njia moja na umeme ukapelekwa, zote huondoka pamoja kuelekea upande mmoja. Makala hii inaeleza sababu ya jambo hilo, na jinsi kila injini ya mfano inavyoweza kupewa "dereva" wake, yaani kifaa kidogo cha elektroniki kiitwacho dekoda.

Mfumo wa Zamani

Katika mfumo wa zamani, reli mbili hupelekewa mkondo mnyoofu wa kati ya volti 0 na 12. Volti zikiongezwa, mwendo huongezeka. Chanya na hasi zikibadilishana reli, injini hurudi nyuma. Kwa hiyo umeme ni nguvu na ni amri pia, na kila mota iliyo juu ya reli hutii amri hiyo hiyo.

Umeme Unaobeba Ujumbe

Katika miaka ya 1990, chama cha wapenzi wa reli za mfano cha Marekani, NMRA, kiliweka kanuni za mfumo mpya, zikitokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani. Katika mfumo huu reli hupata volti zilezile wakati wote, lakini chanya na hasi hubadilishana maelfu ya mara kwa sekunde. Badiliko la haraka, ambalo kila nusu yake huchukua sehemu 58 za milioni ya sekunde, humaanisha tarakimu 1. Badiliko la polepole, lenye nusu za sehemu 100 hivi, humaanisha 0. Tarakimu hizo zikipangwa hufanya ujumbe.

Kila ujumbe huanza na namba ya injini inayohusika. Ni kama mwalimu anayeita majina darasani: wanafunzi wote husikia, lakini huitika mwenye jina tu. Dekoda yenye namba iliyotajwa hupokea amri, kisha huipa mota umeme kwa vipande vifupi vifupi. Mwendesha baiskeli akisukuma pedali na kupumzika, tena na tena, baiskeli haisimami. Mwendo wake hutegemea muda wa kusukuma ukilinganishwa na muda wa kupumzika. Mota nayo ni vivyo hivyo.

Kufungua Injini

1. Kwanza injini ijaribiwe kwa mkondo mnyoofu. Magurudumu yazuiwe kwa kitambo kidogo tu huku ampea zikipimwa. Kiasi hicho kisizidi uwezo wa dekoda, ambao kwa injini nyingi za kipimo cha 1 kwa 87 ni ampea 1 hivi.

2. Bodi ifunguliwe kwa bisibisi ndogo, skrubu ziwekwe katika kisahani, na mchoro wa nyaya ufanywe kabla ya waya wowote kuondolewa.

3. Injini yenye soketi ya pini 8 huhitaji kuchomekwa dekoda tu, pini namba 1 ikiwa mahali pake.

4. Injini isiyo na soketi ndiyo yenye kazi. Mota ina brashi mbili za kaboni, na katika injini nyingi za zamani brashi moja hugusa fremu, nayo fremu hupokea umeme kutoka magurudumu ya upande mmoja. Ni lazima brashi zote mbili zihamiwe kabisa, zisigusane na fremu wala magurudumu.

5. Kipima umeme kitumike kati ya kila brashi na fremu, kisha kati ya kila brashi na magurudumu ya kila upande. Pasiwe na njia yoyote ya umeme.

6. Ndipo nyaya zilehemiwe: nyekundu kwa reli ya kulia, nyeusi kwa reli ya kushoto, ya machungwa na ya kijivu kwa mota, nyeupe kwa taa ya mbele, njano kwa taa ya nyuma, na buluu kwa upande wa chanya wa taa zote.

7. Injini ijaribiwe kwenye njia ya majaribio yenye umeme mdogo kabla bodi haijafungwa. Dekoda mpya kwa kawaida huwa na namba 3. Ibadilishwe ili injini mbili zisiitike pamoja.

Hatua ya tano haifai kurukwa. Brashi ikiendelea kugusa fremu, umeme wa reli huingia katika dekoda kwa mlango wa kutokea, na dekoda yaweza kuungua papo hapo. Kwa kijana wa Isaka aliyeiagiza kutoka nje ya nchi, kosa hilo humpotezea fedha na miezi ya kungoja, ilhali kipimo chenyewe hakizidi dakika moja.

Manufaa Makubwa Zaidi

Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, yenye kilomita 341, liliwekwa mwaka 2021. Mota za treni hizo nazo huongozwa kwa swichi za elektroniki zinazofungua na kukata umeme kwa kasi kubwa. Kijana anayejifunza kuhami, kupima na kuunganisha mota ndogo mezani anajifunza misingi ambayo fundi wa treni hizo hawezi kuikwepa.

Maswali ya Kujipima

(a) Kwa nini injini mbili za mfumo wa zamani huondoka pamoja?
(b) Ni nini kitatokea iwapo injini mbili zitabaki na namba 3?
(c) Kwa nini mota hupimwa huku magurudumu yakiwa yamezuiwa, si yakiwa yanazunguka?