Wimbo na Mchezo katika Shule ya Chekechea

Mzazi apitaye karibu na shule za watoto wadogo huko Kamakis, mjini Ruiru, husikia nyimbo na makofi tangu asubuhi. Wengine hukasirika. Husema, "Nimelipa karo mtoto ajifunze kusoma, naye arudi na daftari tupu!" Kisha humhamisha kwenye shule yenye madaftari mengi. Yafaa afikiri kwanza, maana mtoto wa miaka 4 hapotezi wakati aimbapo.

Tazama hesabu. Mtoto aweza kutamka moja hadi kumi upesi kama kasuku, lakini mpe mawe saba ayahesabu: atagusa jiwe moja mara mbili na kuliruka jingine. Hajajua bado kwamba kila neno lina kitu chake kimoja. Basi mwalimu humwambia aruke mara moja kwa kila hesabu. Ulimi ukitaka kukimbia, mguu huuzuia, na hapo ndipo mtoto apatapo kujua saba ni ngapi.

Kusoma nako ni vivyo hivyo. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo hukatika vizuri. Ma-ta-tu, makofi matatu. Ba-ra-ba-ra, makofi manne. Kikuyu nacho chakatika hivyo hivyo. Mtoto aliyezoea kusikia vipande hivyo hupata nafuu siku aonapo herufi ubaoni.

Tena uko mchezo wa kusimama: watoto hutembea kwa mlio wa ngoma, nayo ikinyamaza wote husimama kimya. Waonekana kuwa upuuzi. Lakini mtoto ajifunza kujizuia, na asiyeweza kujizuia hawezi kumsikiliza mwalimu.

Mtaala mpya wa Kenya, ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, umeyaweka mambo ya viungo na sanaa miongoni mwa masomo ya chekechea. Shida ya mahali kama Kamakis ni nafasi, kwa kuwa nyumba za ghorofa zimesongamana na shule nyingine hazina uwanja. Mzazi achaguaye shule na aulize watoto huchezea wapi, kabla ya kuuliza habari za vitabu.

Nyumbani, sufuria na mwiko vyatosha. Jioni lipigie makofi jina la mtoto, kisha mwache alipigie lako. Akikosea, usimsahihishe upesi. Mwache arudie mwenyewe.