Kati ya Kurukwa na Akili na Kujitia Wazimu: Lugha, Sheria na Imani ya Umma

Utangulizi

Illasit ni mji mdogo wa mpakani katika Kaunti ya Kajiado, karibu na Mlima Kilimanjaro, unaopakana na Tarakea ya Rombo, nchini Tanzania. Siku ya soko hukutana hapo wasemaji wa Kimaasai, Kichaga, Kikamba na Kikuyu, na Kiswahili ndicho huwa daraja lao. Katika soko kama hilo kesi nzito huamuliwa mara mbili: kwanza barazani, kisha mahakamani. Habari zikifika kwamba mshtakiwa wa mauaji amepelekwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, kupimwa akili, hukumu ya baraza huwa fupi: "Anajitia wazimu ili aponyoke."

Makala haya yanachunguza mizizi ya shaka hiyo. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kinazo njia mbili zinazopingana za kumsema mtu aliyepoteza akili, na kwamba umma huchagua mojawapo kabla ushahidi haujasikizwa. Uchaguzi huo una gharama, nao huwafikia hata wale ambao hawatasimama kizimbani kamwe.

Wazimu katika sarufi

Maneno ya kawaida ya Kiswahili kuhusu hali hii yana jambo moja linalofanana. Mtu hurukwa na akili, hushikwa au hupandwa na wazimu, hupagawa, huchanganyikiwa. Kila kitenzi hapa kinabeba kiambishi cha kutendwa, -w-. Mtu si mtenda bali ni mtendwa. Neno wazimu lenyewe lina shina -zimu, linaloonekana pia katika mzimu na kuzimu. Lugha ya wahenga, kwa hiyo, ilikwisha kukiri kwamba kuna nguvu inayoweza kumteka binadamu pasipo ridhaa yake.

Kwa upande wa pili kuna kujitia wazimu na kujifanya kichaa. Hapa -w- imeondoka, imekuja -ji-, na mtu amerudishiwa utendaji wote. Umbali kati ya "alishikwa na wazimu" na "alijitia wazimu" ni kitenzi na viambishi vyake tu, lakini ndio umbali kati ya mgonjwa na laghai.

Aidha, matumizi ya kila siku yamelipanua mno neno wazimu. Mwenye hasira "amepandwa na wazimu", anayepunguza bei kupita kiasi huulizwa, "Una wazimu?" Matokeo yake ni kwamba wakili anapotaja wazimu, msikilizaji husikia hasira, ulevi au ujeuri. Hakosei kabisa katika lugha, lakini hukosea katika sheria.

Sheria inauliza nini?

Methali yasema: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kifungu cha 11 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinakaribia msimamo huo: kila mtu huchukuliwa kuwa ana akili timamu mpaka kinyume kithibitishwe. Kifungu cha 12 kinaeleza kinyume hicho. Mtu hawajibiki kijinai ikiwa, wakati wa kutenda, ugonjwa ulioathiri akili yake ulimfanya ashindwe kuelewa alichokuwa akikitenda, au ashindwe kujua kwamba hakupaswa kukitenda. Mzigo wa kuonyesha hayo ni wa mshtakiwa mwenyewe, ingawa halazimiki kufikia kiwango cha kuondoa shaka yote. Inatosha ionekane kwamba yaelekea zaidi kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Ulevi una kifungu chake, cha 13, na kwa kawaida hauwi utetezi. Hasira ya kuchokozwa nayo ina vifungu vyake, vya 207 na 208, ambavyo vyaweza kugeuza mauaji ya kukusudia kuwa ya bila kukusudia. Yale ambayo soko huyaweka katika kapu moja la wazimu, sheria imeyagawa katika makapu matatu.

Hali kadhalika, maswali mawili ya wakati huchanganywa. La kwanza: je, mshtakiwa anaweza sasa kuifuata kesi na kujitetea? La pili: je, akili yake ilikuwaje siku ya tukio? Upimaji unaotangazwa mwanzoni mwa kesi za mauaji huhusu zaidi swali la kwanza, nao ni desturi ya mahakama za Kenya kabla mshtakiwa hajajibu mashtaka. Kwa hiyo "amepelekwa kupimwa akili" haina maana kwamba ameomba kuepushwa na lolote.

Kosa la wakati huonekana pia mshtakiwa anapofika kortini akiwa mtulivu na akijibu vizuri. Umati huuliza, "Huyu ndiye kichaa?" Lakini huenda amekwisha kutibiwa kwa miezi kadhaa. Utulivu wa leo haumwelezi mtu wa siku ya tukio. Pengine unaeleza tu kwamba dawa imefanya kazi.

Hukumu iliyozaliwa na shaka

Shaka hii si ya Illasit pekee. Mwaka 1843 mjini London, Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, akaonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu. Ghadhabu ya umma iliwalazimu majaji kuweka kanuni ambazo ndizo asili ya kifungu cha 12. Mwaka 1882 Roderick Maclean alimfyatulia risasi Malkia Victoria; naye pia alionekana hana hatia. Malkia hakuridhika, na mwaka 1883 sheria ya Uingereza ikabadilishwa ili hukumu isomeke kwamba mtu ana hatia lakini ni mwendawazimu.

Uingereza iliiacha kauli hiyo mwaka 1964. Kenya iliirithi katika kifungu cha 166 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Ng'ambo ya mpaka, sheria ya Tanzania ya mwaka 1985 ilichukua njia nyingine: mahakama hutamka kwamba mshtakiwa alitenda kitendo, ila kwa sababu ya wazimu hana hatia. Hivyo basi, kati ya Illasit na Tarakea, ugonjwa ule ule humpa mtu hatia upande mmoja na kumwondolea upande wa pili. Sheria yenyewe inaposema kwa ndimi mbili, baraza lashangaza nini likitatanika?

Hata hivyo, dhana ya kuponyoka haina mashiko. Kifungu cha 166, kama kilivyotungwa, hakimwachii mtu huru. Humweka kizuizini pasipo kikomo, akingojea amri ya Rais. Mahakama Kuu, katika maamuzi ya Meru mwaka 2016 na Kisumu mwaka 2018, iliona kwamba utaratibu huo wakiuka Katiba. Mtu angeweza kukaa ndani kuliko aliyefungwa kwa kosa lile lile.

Ushahidi wa mama

Mfano wa kubuni waweza kudhihirisha gharama. Mama mmoja muuza ndizi wa Illasit anatoa ushahidi. "Mheshimiwa, mwanangu alirukwa na akili tangu masika." Wakili wa upande wa mashtaka anauliza: "Mama, mlimpeleka hospitali gani?" Mama anainama. Hawakumpeleka. Waliogopa jina la familia. Walisema ana homa.

Mama huyo anapambana na vikwazo viwili. Kwanza, lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, nako ndiko mauaji husikizwa. Kurukwa na akili, kupagawa na kuchanganyikiwa vyaweza kugeuka neno moja tu kinywani mwa mkalimani, na tofauti alizoziona mama kwa macho yake zikapotea. Pili, hana cheti. Aibu iliyomfanya amfiche mwanawe ndiyo iliyofuta ushahidi ambao mahakama inauhitaji. Shaka ya jamii huzaa usiri, usiri huzaa ukosefu wa rekodi, na ukosefu wa rekodi huirudia shaka na kuithibitisha.

Hitimisho

Wapo wanaojitia wazimu, na ndiyo sababu mzigo wa kuthibitisha umewekwa mabegani mwa mshtakiwa, na daktari, majirani na mwenendo wa kabla na baada ya tukio huchunguzwa. Familia ya marehemu nayo ina haki ya kutodanganywa. Lakini kuchagua -ji- kabla ya kusikiliza ni kuhukumu kwa kiambishi.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu hapa: kuwapa wakalimani istilahi zinazotenganisha ugonjwa, hasira na ulevi, kutafsiri hukumu kwa namna isiyopotosha, na kulizoeza baraza kusema ugonjwa wa akili kama lisemavyo malaria. Wahenga walinena, hujafa hujaumbika. Siku familia ya Illasit itakapoweza kumpeleka mgonjwa wake zahanati mchana kweupe, mahakama itakuwa na rekodi ya kusoma, na pengine msiba wenyewe utakuwa umezuiwa.