MLINZI MJUZI: KUOMBA UFADHILI WA MASOMO NA KUJIANDAA NA CHETI CHA AWALI CHA USALAMA WA MTANDAO

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

 Kila matokeo ya Kidato cha Nne na cha Sita yanapotoka, vijana hufika madrasa na swali moja: "Ustadhi, mimi nataka kusoma kompyuta, lakini nyumbani hakuna ada. Nifanye nini?" Somo letu la mwaka huu ni jibu la swali hilo. Tutaangalia mambo mawili yanayokwenda pamoja: kuomba ufadhili, na kujiandaa na mtihani wa cheti cha awali katika fani ya usalama wa mtandao.

FANI YENYEWE NI IPI?

Usalama wa mtandao ni kazi ya kulinda kompyuta, simu na taarifa za watu zisiibwe, zisichezewe na zisizuiwe. Leo fedha zetu ziko kwenye simu, matokeo ya mitihani yako kwenye kompyuta, na majalada ya wagonjwa vilevile. Anayevilinda vitu hivi amebeba amana. Katika Suratun Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe.

Nabii Yusuf (A.S.) alipotaka kukabidhiwa hazina za Misri alijieleza kwa sifa mbili tu: kwamba yeye ni mlinzi, na kwamba ni mjuzi (Surat Yusuf, aya ya 55). Uzishike sifa hizo mbili, kwani somo lote hili limejengwa juu yake. Mlinzi asiye na ujuzi huibiwa, na mjuzi asiye na uaminifu huwa mwizi yeye mwenyewe.

SEHEMU YA KWANZA: KUOMBA UFADHILI

Kwanza tutofautishe. Ufadhili hulipia masomo ya miaka kadhaa chuoni. Cheti cha awali huonyesha kwamba unayo misingi ya kazi fulani, nacho hutafutwa kwa miezi. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Lakini kijana anayesubiri majibu ya chuo akiwa na cheti mkononi hakupoteza mwaka wake.

Milango michache inayojulikana ni hii:

1. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, yenye makao yake makuu Jeddah. Mwaka 1983 benki hii ilianzisha mpango wa kusomesha vijana wa jumuiya za Waislamu katika nchi zisizo wanachama wake. Tanzania na Kenya si wanachama. Uganda, Msumbiji na Comoro ni wanachama. Uzuri wa mpango huo ni huu: kwa jumuiya fedha ni msaada, na kwa mwanafunzi ni qardhi hasan, yaani mkopo usio na riba. Akishapata kazi hurejesha kwenye mfuko wa jumuiya yake, ili asome mwingine.

2. Ufadhili wa serikali ya Uturuki, uitwao Türkiye Bursları. Miaka ya karibuni dirisha lake hufunguliwa Januari 10 na kufungwa Februari 20. Kuomba ni bure. Kwa shahada ya kwanza mwombaji awe chini ya miaka 21 na awe na wastani usiopungua asilimia 70. Hulipia ada, malazi, bima ya afya, posho ya kila mwezi, mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki, na tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi.

3. Nyumbani Tanzania tunayo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Pia upo Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi Kidato cha Sita.

Masharti hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo soma tangazo la mfadhili mwenyewe, si picha iliyosambazwa kwenye kundi la simu.

Jina lako ni moja?

Jambo hili huwaangusha watoto wetu wengi kuliko alama ndogo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Athumani, cha shule kinasema Othman, na kitambulisho cha taifa kina jina la babu ambalo halimo kwingineko. Kwetu nyumbani ni mtu yule yule, lakini kwa afisa aliye Ankara au Jeddah hao ni watu watatu. Mzazi, toa vyeti vyote leo, vipange mezani na usome herufi kwa herufi. Kikitofautiana kimoja, anza kurekebisha sasa, kwa hati ya kiapo au kwa njia utakayoelekezwa na ofisi inayohusika. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, na dirisha la maombi halimngoji mtu. Hata mtihani wa cheti tutakaoueleza hapa chini una sharti hilo: jina ulilojiandikishia lifanane na la kitambulisho utakachobeba, vinginevyo unarudishwa mlangoni na ada yako imekwenda.

Barua ya kujieleza

Rudi kwa Nabii Yusuf (A.S.). Hakujisifu kwa nasaba wala kwa uzuri, ingawa vyote alikuwa navyo. Alitaja sifa zinazohusu kazi iliyopo. Na wewe fanya hivyo.

Ukiandika "mimi ni kijana mchapakazi ninayependa teknolojia", hujasema kitu, maana kila mwombaji ameandika hivyo. Lakini ukiandika, "Kwa miaka 2 nimetunza daftari la mahudhurio la madrasa kwenye kompyuta, na kila Alhamisi natoa nakala kwenye flashi na kuikabidhi kwa mwalimu mkuu," msomaji amekwisha kukuona. Amejua wewe ni mlinzi, na kwamba unajua kwa nini nakala ya pili inahitajika.

Usiandike usichokifanya. Wapo wanaojitungia uyatima ili wahurumiwe. Huo ni uongo, na ni dhulma kwa yatima wa kweli ambaye nafasi ilikuwa yake.

Anayekuandikia barua ya kukupendekeza mpe muda usiopungua wiki tatu, na umpe karatasi yenye tarehe ya mwisho na mambo uliyoyafanya. Mwalimu mwenye wanafunzi mia hawezi kukumbuka yote.

Tahadhari kwa wazazi

Kila msimu wa maombi hutokea watu wanaojiita mawakala. "Nafasi ya mwanao ipo, tuma laki mbili za kushughulikia viza." Nani asiyejua ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii"? Huyu ni ndugu yake, amevaa suti. Dalili zake ni tatu: anakuharakisha, anataka fedha zitumwe kwenye simu ya mtu binafsi, na hataki umuulize mtu mwingine. Suratul Hujurat, aya ya 6, imetufunza kuhakikisha habari tusije tukajuta. Kabla ya kuuza mbuzi, mlete huyo wakala madrasa aeleze mbele ya walimu. Mkweli atakuja.

SEHEMU YA PILI: CHETI CHA AWALI

Vyeti ni vingi. Kwa anayeanza tutaje viwili.

Cha kwanza ni kile cha shirika la ISC2, kiitwacho Certified in Cybersecurity, au kwa kifupi CC. Hakihitaji uzoefu wa kazi. Mwaka 2022 shirika hilo lilitangaza mpango wa kuwapa watu milioni moja mafunzo ya intaneti na mtihani bila malipo. Angalia kwenye tovuti yao kama mlango huo ungali wazi siku unayosoma haya. Na ujue mapema kwamba mtihani wa bure si mwisho wa gharama: aliyefaulu hulipa ada ya kila mwaka ili cheti kiendelee kuwa hai, ambayo mpango ulipoanza ilikuwa dola 50. Panga na wazazi kabla hujaanza.

Cha pili ni Security+ cha CompTIA. Hiki ni kigumu zaidi, na ada yake ni mamia ya dola. Toleo lililotoka Novemba 2023 lina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90. Tunashauri kisiwe hatua ya kwanza.

Mitihani yote miwili husimamiwa na vituo vya Pearson VUE, na Dar es Salaam ni miongoni mwa miji yenye vituo hivyo. Hakuna mtihani wa Kiswahili, kwa hiyo Kiingereza chako nacho kipewe saa zake.

Mtihani wa CC unauliza nini?

Muhtasari wa mwaka 2022 una sehemu tano. Tuseme una saa 60 za kusoma, yaani saa 5 kwa wiki kwa wiki 12. Zigawe kwa uzito wa kila sehemu:

1. Misingi ya usalama, asilimia 26: saa 16.
2. Kuendeleza shughuli na kujiokoa baada ya maafa, asilimia 10: saa 6.
3. Nani aruhusiwe kuingia wapi, asilimia 22: saa 13.
4. Usalama wa mitandao, asilimia 24: saa 14.
5. Kazi za kila siku za ulinzi, asilimia 18: saa 11.

Tuonje kidogo kila moja.

Misingi ina nguzo tatu: usiri, ukamilifu na upatikanaji. Chukua rejista ya madrasa yetu. Orodha ya wanaosamehewa ada ikisomwa na asiyehusika, usiri umevunjika. Alama 45 zikigeuzwa kuwa 75, ukamilifu umevunjika. Kompyuta ikiungua asubuhi ya mtihani na hakuna nakala nyingine, upatikanaji umevunjika. Maswali kadhaa ya sehemu hii, yazugue utakavyo, hurudi kwenye nguzo mojawapo.

Sehemu ya pili ni ile habari ya mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake na kutegemea au amwache bila kumfunga na kutegemea, akaelekezwa amfunge kisha ategemee, kama ilivyopokewa na Tirmidhi. Nakala rudufu ni kamba ya ngamia. Isikae chumba kimoja na kompyuta, kwani moto hauchagui.

Sehemu ya tatu inafundisha kwamba kila mtu apewe ruhusa ya kazi yake tu, isizidi. Mwalimu wa Tajwidi hahitaji funguo za daftari la hesabu. Na mlango muhimu uwe na uthibitisho wa aina mbili: kitu unachokijua, kama neno la siri, na kitu ulicho nacho, kama simu yako. Maneno mawili ya siri ni aina moja iliyorudiwa. Swali hilo hupenda kutegwa.

Sehemu ya nne huwatisha wengi, nayo haina cha kutisha. Kila kifaa kina anwani. Ile ya IPv4 ina namba nne, kila moja kati ya 0 na 255. DNS hugeuza jina la tovuti kuwa anwani, kama vile simu inavyogeuza jina la mjomba kuwa namba yake. Huduma nazo zina milango yenye namba: 53 ya DNS, 80 ya tovuti za kawaida, 443 ya tovuti zilizofichwa kwa msimbo, 22 ya kuingia kompyuta ya mbali kwa usalama. Hifadhi namba hizi kama unavyohifadhi Juzuu Amma: kidogo kidogo, kwa kurudia.

Sehemu ya tano ni kutunza kumbukumbu za yaliyotokea, kusasisha programu, kuficha data kwa msimbo na kuwafundisha watumiaji.

Kwa mafunzo ya bure zaidi, Chuo cha Mitandao cha Cisco kina somo la utangulizi wa usalama wa mtandao kwenye intaneti. Asiye na kompyuta anaweza kusoma kwa simu, lakini kila Jumamosi atafute kompyuta, hata ya kuazima, ajaribu kwa mikono.

MAMBO MAWILI YALIYOKATAZWA

La kwanza ni kununua maswali yaliyoibwa. Kabla ya mtihani unakubali masharti ya kutunza siri yake, na Muislamu hufungwa na ahadi yake. Anayegundulika hunyang'anywa cheti. Asiyegundulika atakabidhiwa kompyuta za hospitali ilhali hajui kuzilinda.

La pili ni "kujaribu" ujuzi kwenye simu au akaunti ya mtu bila idhini yake. Suratun Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu bila kuomba ruhusa, na akaunti ya mtu ni nyumba yake. Sheria ya nchi nayo haina mzaha: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya inayo yake ya mwaka 2018. Kijana aliyefungua akaunti ya mwenzake kwa utani anaweza kupoteza ufadhili na uhuru kwa siku moja. Fanyia mazoezi kwenye kifaa chako.

HITIMISHO

Wazazi, fani hii haihitaji misuli bali uaminifu na subira, na mabinti zetu wanavyo vyote viwili. Msimnyime binti saa zake tano za wiki kwa sababu ya vyombo vya jikoni ambavyo kaka yake pia anaweza kuviosha.

MAZOEZI

1. Toa vyeti vyako vyote. Je, jina ni moja, herufi kwa herufi?
2. Andika sentensi tatu za kujieleza, kila moja ikitaja jambo ulilolifanya na muda wake.
3. Mtu amefuta orodha ya wanafunzi kwenye kompyuta ya shule. Nguzo ipi imevunjika, na dawa yake ni nini?
4. Neno la siri na jina la shule yako ya msingi: je, hizo ni aina mbili za uthibitisho? Eleza.

Majibu yaletwe kwa mwalimu wa darasa baada ya likizo.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe walinzi wajuzi, na atufungulie milango ya elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.