Swichi ya KVM Ipimwe Kabla ya Kuwekwa Mezani

Ofisi ya kiwanda cha majani chai ina kazi mbili zisizopaswa kukutana. Upande mmoja kuna hesabu za wakulima: namba ya mkulima, kilo zilizopimwa kituoni, makato ya mbolea, akaunti ya benki au ya sacco, na bonasi inayosubiriwa mwaka mzima. Upande wa pili kuna intaneti: barua pepe, tovuti ya mamlaka ya kodi (KRA), bei za mnada wa Mombasa, na viambatisho vinavyotumwa na watu wasiojulikana. Meneja mwangalifu huzitenga kazi hizi kwa kompyuta mbili, na ile ya hesabu haiguswi na intaneti kabisa. Muda si mrefu meza inakuwa finyu, karani anachoka kuhama kiti, na fundi anakuja na swichi ya KVM, kisanduku chenye kitufe kinachoiwezesha kibodi moja, kipanya kimoja na skrini moja kutumikia kompyuta zote mbili.

Kuanzia siku hiyo kisanduku hicho ni mlango kati ya vyumba viwili ulivyovijengea ukuta kwa gharama yako. Iwe ni kiwanda cha wakulima kule Litein, Kapkatet au Mogogosiek, iwe ni sacco mjini Kericho au Bomet, swali ni lile lile: mlango huo unapitisha nini wakati wewe unadhani umefungwa?

Wanunuzi wengi huijaribu swichi kwa kubonyeza kitufe na kuona kama skrini imebadilika. Hilo ni jaribio la urahisi wa kazi. Kupima usalama ni kuangalia upande wa pili, yaani kompyuta ambayo haikuchaguliwa inapata nini, na inaweza kuacha nini kwenye kibodi au skrini ambacho baadaye mwenzake atakuja kukisoma.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Aprili 2013 mtu aliyejifanya fundi wa kompyuta aliingia tawi la benki ya Barclays huko Swiss Cottage, London, akaunganisha swichi ya KVM iliyofungwa pamoja na kifaa cha intaneti ya simu. Wenzake wakaiendesha kompyuta ya tawi wakiwa mbali na kuhamisha takriban pauni milioni 1.3. Mwezi Septemba mwaka huo huo polisi walizima jaribio kama hilo katika tawi la benki ya Santander, Surrey Quays. Kwa hiyo sharti la kwanza halihitaji utaalamu wowote: swichi yenye tundu la waya wa mtandao, antena, au nafasi ya laini ya simu haifai mahali hapa, hata ikitolewa bure. Na fundi ambaye hakuitwa na ofisi hagusi meza ya hesabu.

Kabla hujatoa pesa, hakikisha kwanza kwamba kompyuta zako zimetengana kweli. Kama zote mbili zimo kwenye Wi-Fi moja, au zimeungwa kwa printa moja ya mtandao, au karani hubeba flashi kutoka hii kwenda ile kila jioni, basi hakuna swichi duniani itakayokusaidia. Rekebisha hayo kwanza. Nimeona watu wakijadili aina ya swichi kwa saa nzima huku flashi moja ikizunguka ofisi yote.

Sasa majaribio. Tumia kompyuta mbili za zamani zisizo na data ya mtu yeyote, uzipe majina A na B, na uandike kila unachokiona.

Anza na flashi, kwa sababu hapa ndipo swichi nyingi za bei nafuu huanguka. Ichomeke kwenye tundu la kibodi la swichi. Swichi iliyotengenezwa kwa usalama huikataa: kompyuta haioni kitu, kwa kuwa tundu hilo linakubali kibodi na kipanya tu. Ikiwa flashi imefunguka kwenye A, weka faili ndani yake, bonyeza kitufe, uone kama faili hiyo inasomeka kwenye B. Ikisomeka, umeshajua kwamba swichi hiyo inahamisha mafaili kutoka chumba kimoja hadi kingine bila mtu kuinuka kitini. Angalia pia matundu ya ziada ya USB ambayo wauzaji huyasifu kuwa ni ya printa na flashi. Kwa ofisi yenye siri, sifa hiyo ni kasoro. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha, katika utafiti walioupa jina BadUSB, kuwa programu ya ndani ya flashi inaweza kubadilishwa ikajitambulisha kwa kompyuta kama kibodi na kuanza kuandika amri. Hivyo hata tundu linalokubali kibodi tu halikuondolei wajibu wa kujua kibodi yako imetoka wapi.

Jaribio la pili ni la taa za kibodi. Bonyeza Caps Lock. Katika kibodi ya kawaida taa haiwashwi na kidole chako bali na kompyuta, ambayo hupokea herufi kisha hutuma ujumbe nyuma kuiambia kibodi iwashe taa. Ujumbe huo ni njia ya kurudi. Programu mbaya iliyo kwenye A inaweza kuitumia kuacha alama ndani ya kibodi, na baada ya kitufe kubonyezwa B ikazisoma. Njia hiyo ni ya polepole, lakini neno la siri lina herufi chache tu. Swichi za usalama huziba njia hii, kiasi kwamba taa za kibodi haziitikii kompyuta. Basi taa ikiwaka, tafuta katika hati za mtengenezaji kama inaendeshwa na swichi yenyewe. Kama hazisemi, ichukulie kuwa njia iko wazi.

Skrini nayo husahaulika, ingawa ina kumbukumbu ndogo iitwayo EDID ambamo kompyuta husoma aina na ukubwa wa skrini. Waya ule ule wa HDMI au VGA unaopeleka picha una njia nyembamba ya mazungumzo ya pande mbili, na kwa njia hiyo kompyuta inaweza kubadilisha mwangaza wa skrini au hata kuandika katika kumbukumbu yake. Kwenye kompyuta ya Linux weka programu ya ddcutil. Kwanza unganisha skrini moja kwa moja na kompyuta, uone kama programu inaweza kupunguza mwangaza. Kisha pitisha waya kwenye swichi na ujaribu tena. Mwangaza ukibadilika, swichi imeruhusu kompyuta kuandika kwenye skrini ambayo kompyuta ya pili pia itaisoma. Swichi nzuri huihifadhi EDID ndani yake yenyewe na kuionyesha kompyuta bila kuiruhusu iiguse skrini.

Mengine ni ya haraka. Bonyeza Scroll Lock mara mbili: kama swichi imehama, ina maana inasikiliza kila unachoandika ikisubiri amri, na kifaa kilichojifanya kibodi kinaweza kuihamisha. Inayohama yenyewe kila baada ya sekunde kadhaa haifai. Kuhama kuwe kwa kidole juu ya kitufe, na taa iliyo wazi ionyeshe kompyuta iliyochaguliwa. Chomoa umeme wa swichi: kibodi ikiendelea kufanya kazi, ikatae. Usitumie kibodi isiyo na waya, kwani mwaka 2016 kampuni ya Bastille ya Marekani ilionyesha kuwa vipokezi vya kibodi na vipanya vingi vya aina hiyo vingeweza kuingiliwa kutoka umbali wa mita 100 hivi. Kama swichi ina tundu la maikrofoni, liache tupu. Hakuna hesabu ya majani inayohitaji maikrofoni.

Hapa ndipo naomba msomaji asikilize kwa makini. Majaribio haya yanaweza kuikataa swichi, lakini hayawezi kuithibitisha. Swichi iliyopita yote bado inaweza kuwa na kumbukumbu ndani inayohifadhi herufi zako, au programu ya ndani inayoweza kubadilishwa kupitia tundu la USB. Kwa mambo hayo unategemea maabara, na ndiyo sababu kuna Common Criteria, utaratibu wa kimataifa wa kupima usalama wa vifaa unaojulikana pia kama ISO/IEC 15408. Marekani, kupitia taasisi yake ya NIAP, imeandika masharti mahususi ya swichi hizi: toleo la 3.0 lilitoka mwaka 2015, na la 4.0 mwaka 2019. Humo mna karibu yote tuliyoyapima mezani, pamoja na yale tusiyoweza kuyapima. Data ya kibodi iende upande mmoja tu, kumbukumbu isivuke kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na kisanduku kionyeshe dalili kikifunguliwa.

Muuzaji akisema swichi ina cheti, usiridhike na neno hilo. Mwombe namba kamili ya modeli, kisha uitafute katika orodha ya NIAP au ya Common Criteria, herufi kwa herufi, kwa sababu mtengenezaji mmoja huuza modeli salama na modeli ya kawaida zinazofanana kwa sura. Soma cheti kilitolewa chini ya masharti ya toleo gani na mwaka gani. Kisha fungua hati ya malengo ya usalama inayoambatana nacho. Ni ndefu na inachosha, lakini ina sehemu inayosema ni nini kilipimwa na kipi kiliachwa nje, na hiyo sehemu ina faida kuliko tangazo lolote. Ukiona kwenye cheti herufi EAL na namba mbele yake, elewa kuwa namba hiyo inaonyesha kina cha ukaguzi. Haikuambii kifaa kinazuia nini.

Eneo la Kericho lina jambo moja la ziada ambalo maabara za ng'ambo hazitalikumbuka. Eneo hili limewahi kuandikiwa siku 132 za mvua ya mawe ndani ya mwaka mmoja, na mvua hiyo huja na radi. Swichi huunganisha kwa waya kompyuta ambazo zamani zilikuwa zimetengana, hivyo umeme wa radi ulioingia kwa moja una njia ya kuifikia ya pili. Kompyuta zote mbili, skrini na swichi vichukue umeme kutoka kifaa kimoja cha kinga, chenye waya wa ardhini uliokaguliwa na fundi wa umeme.

Swichi zenye cheti cha kweli huuzwa kwa mamia ya dola za Marekani. Kwa ofisi ndogo yenye kompyuta mbili, ushauri wangu ni wazi: nunua kibodi ya pili, kipanya cha pili na skrini iliyotumika, uandike kwa rangi kwenye kila kifaa ni cha kompyuta ipi. Ni nafuu zaidi, na huondoa swali lote. Swichi ya cheti ina maana pale ambapo nafasi haipo kabisa, au mtu mmoja anasimamia kompyuta kadhaa kwa zamu.

Ukishainunua, kagua lakiri zake, zile zinazoonyesha kama kisanduku kimefunguliwa, siku inapofika, zipige picha, na uzilinganishe kila mwezi. Lakiri ikipatikana imekatika, iondoe swichi mezani siku hiyo hiyo. Na usichukulie kuwa ni jambo la mafundi peke yao. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kusimamia data amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kuwa taarifa za watu zimefikiwa na asiyeruhusiwa, panapokuwa na hatari ya kweli ya wenyewe kudhurika. Jina la mkulima, simu yake na akaunti yake ni taarifa hizo hizo.

Kama swichi iliyo mezani kwenu leo imeifungua flashi kwenye tundu la kibodi, iondoe kabla ya malipo ya mwezi huu kuandaliwa.