SOMO LA ROBO HII: Umeme wa LUKU katika nyumba ya kupanga

Katika ziara zetu sharikani tumeona kuwa wapangaji wa nyumba moja hugombana juu ya umeme kuliko juu ya kodi ya pango. Huyu analalamikia friji ya jirani, yule anasema yeye hashindi nyumbani. Mara nyingi anayeumia ni mwenye kipato kidogo kuliko wote. Tumeandaa somo hili ili kamati za sharika ziweze kuwaelimisha wapangaji na wenye nyumba. Linazihusu pia sharika zenyewe, kwa kuwa nyingi zina vyumba na fremu za kupangisha.

1. Uniti ni nini?

Umeme hupimwa kwa uniti. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja hutumia uniti moja. Taa ya wati 10 ikiwaka saa tano kila siku hutumia uniti 1.5 kwa mwezi. Televisheni ya wati 80 kwa saa hizo hizo hutumia uniti 12. Friji ndogo inayotumia uniti moja kwa siku hufikisha 30. Pasi ya wati 1,000 ikitumika jumla ya saa 12 kwa mwezi hutumia uniti 12. Kwa hiyo tusitazame idadi ya vifaa peke yake. Tutazame wati zake na saa zinazotumika.

2. Kusoma risiti

Mwezi Aprili 2016 zilianza kutumika bei zilizopangwa na EWURA kwa makundi ya wateja wa TANESCO. Kundi la D1 ni la matumizi madogo ya nyumbani, yaani wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Bei yake ilipangwa shilingi 100 kwa uniti, na 350 kwa kila uniti inayozidi 75. Kundi la T1, la matumizi ya kawaida, lilipangiwa shilingi 292. Juu ya bei hizo huongezwa VAT, mchango wa REA wa asilimia 3 na wa EWURA wa asilimia 1. VAT ikiwa asilimia 18, uniti ya D1 hufika shilingi 122 na ya T1 takribani 356. Ndiyo maana shilingi 10,000 katika T1 hutoa uniti 28 hivi. Viwango vikibadilika, njia ya kuhesabu hubaki ile ile: soma kiasi ulicholipa, toa makato, kisha gawanya kwa uniti ulizopata.

Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Mtu akinunua umeme wa shilingi 10,000 na kodi hiyo ikakatwa, atapata uniti 24 hivi badala ya 28. Hajaibiwa umeme. Lakini kisheria kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mpangaji aliyeilipa atunze risiti na akubaliane na mwenye nyumba namna ya kurudishiwa, kwa mfano kwa kupunguza kwenye pango.

3. Mita moja, kaya tatu

Tuchukue mfano. Kaya ya kwanza ina taa nne, televisheni, pasi na friji: uniti 60. Ya pili ina taa nne na televisheni: uniti 18. Ya tatu ni ya mama mjane mwenye taa mbili na simu ya kuchaji: uniti 4. Jumla ni uniti 82. Mita hiyo ikiwa T1, gharama ni shilingi 29,192.

Wakigawana sawa, kila kaya hulipa takribani 9,731. Wakigawana kwa matumizi, ya kwanza hulipa 21,360, ya pili 6,408, na mama mjane 1,424. Yaani kugawana sawa, jambo linaloonekana kuwa la haki, kunamfanya mjane alipie friji ya jirani zaidi ya shilingi 8,000 kila mwezi.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Kama kila kaya ingekuwa na mita yake katika kundi la D1, wote watatu wangelipa jumla ya shilingi 10,004 tu. Bei nafuu iliwekwa kwa ajili ya wenye matumizi madogo, lakini wakirundikwa kwenye mita moja wanahesabiwa kama mtumiaji mmoja mkubwa.

4. Nini kifanyike?

• Mita ya kila kaya. Huombwa TANESCO kwa ridhaa ya mwenye nyumba, baada ya nyaya kutandazwa na mkandarasi mwenye leseni.

• Mita ndogo ya kila chumba. Haibadilishi kundi la bei, lakini inaonyesha nani ametumia kiasi gani.

• Mahesabu ya vifaa. Pasipo mita ndogo, wapangaji waandike wati na saa kama tulivyofanya hapo juu, wakubaliane viwango na kuvipitia kila anapohamia mtu mpya.

• Malipo. Umeme hununuliwa kwa simu, benki au kwa wakala. Mnunuzi ahakiki namba ya mita kabla ya kulipa na atunze ujumbe wenye tokeni.

• Kabla ya kuhamia. Mpangaji aulize kama mita ina deni au malimbikizo ya kodi ya jengo, maana yote hukatwa kwenye manunuzi yake. Nyumba ikiwa imekaa muda mrefu bila mtu, aulize pia kama mita ilihuishwa katika zoezi lililofikia ukomo tarehe 24 Novemba 2024.

• Malalamiko. Yaanzie ofisi ya TANESCO iliyo karibu. Yasipotatuliwa, yapelekwe EWURA.

Tunaziomba kamati zianze na nyumba za usharika, kwa kuwa hatuwezi kumshauri mwenye nyumba mwingine huku vyumba vyetu vinne vikitegemea mita moja. Kwa wahisani wetu, tunaomba bajeti za ujenzi wa nyumba za kupangisha au za watumishi ziwe na fungu la mita ya kila kaya tangu mwanzo.

Maswali ya kujadili

1. Nyumba za usharika wetu zina kaya ngapi kwa kila mita?
2. Je, wapangaji wetu hurudishiwa kodi ya jengo?
3. Ni nani kati yao analipia umeme asioutumia, na tutafanya nini kabla ya robo ijayo?