Somo la 6: Petro Mbele ya Moto wa Makaa

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mathayo 26:31–35, Luka 22:31–34, 54–62, Yohana 18:10, 15–27, Danieli 1:8–16, Yohana 21:1–19, Wagalatia 2:11–14, Wafilipi 2:12, 13.

Fungu la kukariri: Luka 22:32. Likariri kama lilivyo katika Biblia yako, na uangalie hasa kile ambacho Yesu alimwombea Petro na kile ambacho hakumwombea.

Kila mwaka kwenye makambi wito hutolewa, na watu husimama. Miongoni mwao huwapo mtu ambaye pombe imemtawala kwa miaka mingi. Anakuja mbele, anapiga magoti, analia, naye anaahidi mbele za Mungu na mbele ya mke wake kwamba hatainywa tena. Haigizi. Majuma mawili baadaye, siku ya mshahara, anaonekana kwenye glosari ileile, amekaa kwenye kiti kilekile.

Yeye mwenyewe hufikia mojawapo ya maamuzi mawili: ama Mungu hakumsikia, ama yeye alikuwa mwongo siku ile. Washiriki wenzake mara nyingi huchagua la pili. Lakini je, ni lazima iwe hivyo? Biblia inaye mtu aliyeahidi kwa nguvu kuliko wote na kuanguka kabla jogoo hajawika. Juma hili tunamfuata Petro hatua kwa hatua, tukitazama pia yale ambayo wachunguzi wa tabia za wanadamu wameyaona kuhusu jinsi mazoea yanavyoshika na jinsi yanavyoachia.

JUMAPILI: Ahadi Iliyokuwa ya Kweli

Soma Mathayo 26:31–35 na Yohana 18:10. Petro aliahidi nini, na ni tendo gani la usiku uleule linaloonyesha kwamba hakuwa anadanganya?

Ni rahisi kumcheka Petro. Hata hivyo, saa chache baada ya kiapo chake, askari walipofika bustanini na taa na silaha, yeye alichomoa upanga. Mvuvi mmoja mbele ya kikosi kizima! Mtu wa namna hiyo alikuwa tayari kufa, kama alivyosema. Aliyempiga Malko si mwoga.

Kisha tazama behewa la Kuhani Mkuu (Yohana 18:15–18). Hapa hakuna upanga. Kuna baridi, usiku, watu wageni, na kijakazi wa mlangoni anayeuliza swali dogo. Petro akashindwa kusema neno moja la kweli.

Kilichobadilika kati ya bustani na behewa si moyo wake. Kilichobadilika ni mahali alipo na watu waliomzunguka. Bustanini Yesu alikuwa kando yake na wanafunzi wenzake walikuwapo. Behewani alikuwa karibu peke yake kati ya watumishi wa adui, akiota moto wao. Isitoshe, alikuwa amejiandaa kwa jaribu la kufa kishujaa. Hakujiandaa kwa swali la msichana. Watu wengi huanguka hivyo. Hujiandaa kwa jaribu kubwa walilolifikiria, na jaribu dogo wasilolifikiria ndilo linalokuja.

Taja azimio moja ulilolifanya kwa moyo wote na hukulitimiza. Jaribu lilikuja kwa mlango gani?

JUMATATU: Mahali, Saa na Watu

Soma tena Yohana 18:15–18, 25–27. Hesabu mambo yaliyomzunguka Petro pale: saa, hali ya hewa, watu, maswali. Ni lipi unaloliona kuwa lilimdhoofisha zaidi?

Akili ya mwanadamu imeumbwa iweze kukabidhi kazi za kila siku kwa mazoea. Mama anayewasha jiko alfajiri hafikirii kila hatua. Mikono yake inajua. Bila karama hiyo, mtu angemaliza asubuhi nzima akiwaza jinsi ya kufunga vifungo vya shati. Lakini karama hiyo haichagui. Inahifadhi zoea baya kwa uaminifu uleule. Tendo linaporudiwa mara nyingi mahali pamoja, saa ileile, na watu walewale, basi mahali, saa na watu hao huanza kuliita tendo lenyewe, hata kabla mtu hajaamua lolote.

Mfano mmoja ulio maarufu unatoka katika vita vya Vietnam. Mchunguzi wa Marekani, Lee Robins, alifuatilia askari waliorudi nyumbani mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amepata uraibu wa heroini au afyuni kule vitani, na serikali ilihofu kwamba miji ya Marekani ingejaa waraibu. Haikuwa hivyo. Kati ya wale waliokuwa waraibu Vietnam, ni karibu asilimia 5 tu waliorudia uraibu ndani ya mwaka wa kwanza nyumbani. Bila shaka mahali palikuwa sababu moja kati ya kadhaa, kwa maana nyumbani dawa hizo zilikuwa ghali na ngumu kupatikana, na hofu ya vita ilikuwa imekwisha. Lakini askari hao walikuwa wameondolewa katika kila kitu kilichokuwa kikiliita lile tendo: kambi, rafiki wa zamu, harufu, joto, upweke.

Yule ndugu wa makambi hali yake ni kinyume. Alifanya uamuzi wake uwanjani, kati ya nyimbo na wapendwa. Kisha akarudi kwenye njia ileile inayopita mbele ya glosari, siku ya mshahara, pamoja na rafiki yule anayemwita kwa jina la utani. Alibadilika yeye, njia ya kurudi nyumbani haikubadilika.

JUMANNE: Kuanguka Mara Moja

Soma Luka 22:31–34 na Mathayo 27:3–5. Petro na Yuda wote wawili walijuta sana. Walitofautiana wapi?

Mwaka 1890 mwanasaikolojia William James aliandika juu ya mazoea, na mashauri yake mengi bado yanafaa. Katika jambo moja alikuwa mkali: alifananisha kuteleza mara moja na mtu anayekunja uzi kwa uangalifu kisha akaangusha mpira wake, ukafumuka mizunguko mingi. Wazazi na walimu wengi wamefundisha hivyo tangu hapo.

Uchunguzi wa baadaye umelegeza shauri hilo. Phillippa Lally na wenzake katika chuo cha University College London walifuatilia watu 96 waliojichagulia zoea jipya dogo, kama kunywa maji baada ya mlo fulani. Matokeo yalichapishwa kikamilifu mwaka 2010. Zoea lilichukua muda tofauti sana kwa kila mtu: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254, na katikati yake siku 66. Tena walikuta kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika, mradi mtu aliendelea kesho yake.

Kinachoharibu ni kitu kingine. Alan Marlatt, aliyechunguza watu wanaojaribu kuacha pombe, alionyesha kwamba glasi ya kwanza si lazima izae ya kumi. Inayozaa ya kumi ni ile maana ambayo mtu anaipa glasi ya kwanza. Akisema moyoni, “Basi, mimi ndivyo nilivyo, nimekwisha,” hana tena sababu ya kusimama.

Yuda alilipa kuanguka kwake maana hiyo. Petro naye angeweza kufanya vivyo hivyo, naye alilia kwa uchungu. Lakini kabla hajaanguka alikuwa amekwisha kuambiwa mambo mawili: kwamba ameombewa, na kwamba akiisha kurudi anayo kazi ya kufanya. Yesu hakumwombea asianguke. Alimwombea imani yake isikome. Mtu anayejua kwamba njia ya kurudi ilitengenezwa kabla hajapotea, anaanguka kwa namna nyingine.

JUMATANO: Azimio Lenye Saa na Njia

Soma Danieli 1:8–16. Danieli aliazimu moyoni. Orodhesha hatua alizochukua baada ya kuazimu.

Mahubiri mengi huishia kwenye aya ya 8. Lakini sura haiishii hapo. Danieli alimwendea mkuu wa matowashi akaomba. Ombi lilipokuwa gumu, alikwenda kwa msimamizi aliye chini yake, akapendekeza chakula mahususi, mtama na maji, na muda mahususi, siku 10. Tena hakuwa peke yake; walikuwa wanne.

Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer, katika makala ya mwaka 1999, alikusanya ushahidi kwamba watu hutimiza nia zao mara nyingi zaidi wanapozifunga na wakati na mahali, kwa sura hii: likitokea jambo hili, nitafanya hivi. “Nitaomba zaidi” ni nia. “Nikiisha kuosha uso asubuhi, kabla sijashika simu, nitapiga magoti kando ya kitanda” ni mpango. Nia humwachia mtu kazi ya kuamua wakati ule anapokuwa dhaifu. Mpango umekwisha kuamua.

Waadventista walikuwa wametumia hekima hii mapema. Karibu na mwaka 1960, daktari Wayne McFarland na mchungaji Elman Folkenberg walianzisha Mpango wa Siku Tano wa kuacha sigara, ulioenea katika nchi nyingi. Kwa jioni tano mfululizo watu hawakuambiwa tu madhara ya tumbaku. Walifundishwa kunywa maji mengi, kuacha kahawa na pombe kwa siku hizo, kuvuta pumzi ndefu tamaa inapokuja, na kujikumbusha kwamba wao wamechagua kutovuta. Baada ya chakula mvutaji asikae kwenye kiti alichozoea kuvutia. Atoke nje atembee. Kila mmoja alipewa mwenzake wa kuwasiliana naye. Yule daktari na yule mchungaji walisimama jukwaa moja, na hakuna aliyeona kwamba maji yanashindana na maombi.

Wapo wanaohofu kwamba mashauri ya namna hii yanachukua nafasi ya Roho Mtakatifu. Soma Wafilipi 2:12, 13. Kulingana na Paulo, Mungu hutenda kazi katika mambo gani mawili ndani ya mtu? Kutaka, na pia kutenda. Kupita njia nyingine siku ya mshahara, au kumkabidhi mke mshahara kabla jua halijazama, ni kutenda. (Aliyekunywa sana kwa miaka asiachishwe ghafla bila daktari. Mwili uliozoea pombe unaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege la kuua.)

Andika mpango mmoja wa sura ya “likitokea hili, nitafanya hili.” Mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini.

ALHAMISI: Moto wa Pili

Soma Yohana 21:1–19. Linganisha Yohana 18:18 na 21:9. Ni kitu gani kipo katika mahali pote pawili?

Katika Agano Jipya, neno la Kiyunani lililotafsiriwa “moto wa makaa” linapatikana mara mbili tu, na mara zote mbili Petro yupo kando ya moto huo. Wa kwanza uliwashwa na watumwa na watumishi behewani. Wa pili Petro aliukuta ufuoni mwa bahari, na Yesu yupo. Harufu ni ileile, na maswali ni matatu, kama makano yalivyokuwa matatu. Yesu angeweza kumrejesha popote. Alimrejesha karibu na harufu ya kushindwa kwake, mbele ya wenzake, akampa chakula kwanza.

Wala hakumdai kiapo kipya. Alimuuliza kama anampenda, kisha akampa kondoo wa kulisha. Na safari hii Petro hakujilinganisha na wengine.

Je, zoea la zamani lilikufa siku ile? Soma Wagalatia 2:11–14. Miaka mingi baada ya Pentekoste, Antiokia, Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa bila shida, mpaka walipofika watu fulani kutoka kwa Yakobo. Akajitenga, kwa hofu ya watu, hofu ileile ya behewani. Hata Barnaba akachukuliwa naye. Paulo alimwambia ana kwa ana, mbele ya wote. Hakusema kwamba Pentekoste ilikuwa ya uongo. Alisema kwamba mwenendo wa siku ile haukuwa sawasawa na kweli ya Injili. Tena angalia jinsi Petro anavyomtaja Paulo baadaye katika 2 Petro 3:15.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Warumi 7:15–25 na Warumi 8:1–4 bila kusimama kati ya sura hizo mbili.

Maswali ya kujadili:

1. Baada ya makambi au mahubiri ya hadhara, kanisa lenu huwafuata waliosimama kwa muda gani? Linganisheni muda huo na siku 66, kisha na siku 254.

2. Mwalimu anamfundisha kijana kwamba akianguka tena baada ya ubatizo, hiyo ni dalili kwamba hakuongoka. Mngemjibu nini kutokana na Wagalatia 2? Na mngemjibu nini yule anayelitumia fungu hilohilo kama ruhusa ya kuendelea?

3. Yule ndugu wa glosari amekuja Sabato hii, amekaa benchi la nyuma karibu na mlango. Jina lake litajadiliwa na baraza la kanisa Jumapili. Nani katika kikundi chenu atarudi naye nyumbani kwa miguu siku ya mshahara ujao, na mtapita njia gani?